Mwenyeji Tuliyemwita Sumu

Hotuba hii niliitoa mbele ya wenye mashamba, madereva wa gari za shamba, walimu na wanafunzi, kwenye uwanja wa skuli ya kijiji kimoja kusini mwa Unguja. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Bwana Sheha, wazee wangu, mama zangu, walimu, ndugu zangu madereva mliopanga gari zenu chini ya mwembe mkaacha abiria kwa saa moja ili mje kunisikiliza, na nyinyi wanangu mliokaa chini kwa sababu viti havikutosha: ahsanteni sana. Nimeombwa niseme juu ya kima punju. Elimu yangu si ya chuo kikuu. Ni ya miguu. Nimetembeza wageni msituni Jozani kwa miaka mingi, nimewatazama wanyama hawa wakila, wakilala, wakigombana, wakilea, na nimesoma na kuulizia yale walioandika wataalamu waliokaa nao. Nitawapa yote mawili, yale ya macho yangu na yale ya wataalamu, na nitakuwa nikiwaambia lipi ni lipi.

Nianze na jina, kwa sababu hapo ndipo palipoharibika.

Nilipokuwa mdogo bibi yangu alinikataza hata kumwonesha kidole. Punju ni sumu, mjukuu wangu. Mti anaoukalia hukauka. Mbwa akila nyama yake hunyonyoka manyoya. Na ile harufu yake, unaisikia kabla hujamwona, basi hiyo ndiyo dalili. Nina hakika wengi hapa wamelelewa na maneno hayo hayo, na sitaki kumvunjia heshima bibi yangu, Mungu amrehemu, kwani yeye naye aliyapokea. Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi. Kima huyu hakuulizwa. Tulimpa jina la sumu, kisha kila mti uliokufa kwa maradhi, kwa ukame au kwa uzee ukaandikwa katika daftari lake.

Harufu anayo, ni kweli. Hata mimi huwajua kwa pua kabla ya macho. Lakini mnyama kuwa na harufu yake si kosa. Mbuzi dume tunaye nyumbani na hakuna aliyemwita sumu.

Wazungu nao walimpa jina lao. Mwaka 1868 mtaalamu mmoja wa Uingereza, John Edward Gray, alimwandika kwenye elimu ya wanyama na kumpa jina la John Kirk, yule daktari aliyekaa hapa Unguja na baadaye akawa balozi wa Uingereza. Kwa hiyo huyu wetu ana majina mawili, moja la sumu na moja la balozi, na hakuna hata moja linalosema jambo kubwa kuliko yote kumhusu: kwamba duniani kote, ukizunguka Afrika nzima, Asia na Marekani, hutamkuta porini isipokuwa katika visiwa vyetu hivi. Wapo ndugu zake. Kule bara, milima ya Udzungwa, wako kima wekundu wa namna yao. Kenya, kando ya Mto Tana, wako wengine. Lakini huyu alitengwa na bahari. Maji yalipopanda mwishoni mwa enzi ya barafu, Unguja ikakatika na bara, yeye akabaki upande huu. Hata wale wachache walioko Msitu wa Ngezi kule Pemba hawakufika wenyewe. Walipelekwa na watu miaka ya 1970 kutoka hapa hapa Unguja.

Basi mimi nasema huyu si mgeni, wala si mwizi. Huyu ni mwenyeji. Alikuwepo kabla ya mkarafuu wa kwanza kupandwa.

Sasa nimweleze alivyo, kwa ajili ya watoto waliokuja mbele. Mgongo wake ni mwekundu, wekundu ule wa udongo wa kinongo ukishanyeshewa. Mabega na mikono ni meusi, tumbo jeupe. Uso mweusi, lakini pua na midomo ina rangi ya waridi, na pembeni nywele ndefu nyeupe zimesimama kila upande. Mkia mrefu, ananing'iniza tu, hashikii tawi kwa mkia. Na mkitaka kumtofautisha na kima wa kawaida, yule wa rangi ya kijivu na nyeusi anayewaibia mapapai, tazameni mkono. Punju hana kidole gumba. Pale pa gumba pana kijinundu tu. Vidole vinne virefu vimejikunja kama kulabu, anaruka, anatia kulabu kwenye tawi, tawi linainama, anasukumwa mbele. Mkimwona mara moja akiruka kutoka mti mrefu kwenda mfupi, mikono mbele, mtaelewa kwa nini gumba lingemzuia tu.

Tofauti hii ya mikono si ya mapambo. Inakwenda pamoja na tofauti ya tumbo, na tumbo ndilo linalotupeleka kwenye kesi zetu za shambani. Nisikilizeni hapa vizuri, wenye mashamba.

Kima wa kawaida anakula kama sisi: papai bivu, ndizi mbivu, mahindi, chochote kitamu. Punju ana tumbo lenye vyumba, linalofanana zaidi na la ng'ombe kuliko la mtu. Ndani yake kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vijidudu hivyo ndivyo vinavyovunja majani. Mama zangu mnajua unga wa mkate wa kumimina: ukishauchanganya unauacha, unaumuka wenyewe, kuna kitu ndani kinafanya kazi. Tumbo la punju ni bakuli la namna hiyo, linaumuka mchana kutwa. Ndiyo maana mkipita msituni saa sita mtawakuta wamelala juu ya matawi, miguu inaning'inia kila upande, matumbo yametuna, mtu akadhani ni wavivu. Hawajalala bure. Wanapika.

Na bakuli hilo halitaki sukari. Tunda bivu, tamu, likiingia humo linachachua kila kitu na mnyama anaumwa. Kwa hiyo chakula chake ni majani machanga, machipukizi, vikonyo vya majani, maua, na matunda yakiwa bado mabichi. Anayewarushia ndizi mbivu wageni wapige picha hamfanyii hisani. Na mwenye shamba anayekuta ndizi zake zilizoiva zimemenywa, kisha akamfuata punju na jiwe, amemkamata asiye mwenyewe.

Nasikia mzee mmoja pale nyuma anasema: "Na minazi?"

Ahsante, mzee wangu. Minazi, ndiyo. Hapo siwezi kumtetea kwa kusema hali. Anakula. Anapanda mnazi na anakula vidaka. Si kitale, si dafu, si koroma: vidaka, vile vidogo vinavyofuata baada ya maua kuanguka. Nimemwona mara nyingi. Anakinyofoa, anakitafuna nusu, kinaanguka chini, na mwenye mnazi akija asubuhi anakuta vidaka vilivyong'atwa vimetapakaa, roho inamuuma. Hata mimi ingeniuma.

Lakini kuna watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, waliokaa hapa kwetu wakalihesabu jambo hili mti kwa mti. Matokeo yao yalitoka mwaka 1999. Walitazama minazi inayoliwa sana na punju na inayoliwa kidogo, kisha wakatazama nazi zilizoangushwa wakati wa mavuno. Walitarajia, kama ambavyo kila mtu angetarajia, kwamba palipoliwa vidaka vingi nazi zitapungua. Hazikupungua. Palipoliwa zaidi ndipo mavuno yalipokuwa makubwa zaidi. Wakafikiri huenda ulaji ule unafanya kama kupogoa.

Najua linashangaza, lakini nyinyi wenyewe mna ushahidi wake. Nani hapa ana mnazi ambao kila kidaka kinakuwa nazi? Hakuna. Mnazi hubeba vidaka vingi kuliko unavyoweza kulea, kisha huvidondosha wenyewe. Tembea chini ya mnazi ambao hakuna kima wala ndege aliyeugusa, utavikuta chini vimejaa. Vikipunguzwa mapema, vinavyobaki vinapata nafasi. Mkulima wa mpapai anafanya hivyo kwa mkono wake, anapunguza matunda ili yaliyobaki yanenepe, na hakuna anayemwita mwizi wa mapapai yake.

Sisemi hasara haipo kabisa. Machipukizi ya miembe midogo, maharage, hayo analamba na mwenye konde anaumia. Nasema tupime. Hasara ya kweli ijulikane, ilipwe, na ile ya kusingiziwa ifutwe.

Sasa niwaambie jambo ambalo nikiwaeleza wageni hawaniamini mpaka waone.

Baba yangu alikuwa akichoma makaa. Alikuwa na tanuri nyuma ya nyumba, na mimi nilikuwa nalinda moto. Siku moja, tanuri limeshafunguliwa tangu jana, makaa yamepoa, namwona punju jike ameshuka kutoka kwenye mti wa mkungu. Anatembea chini kwa miguu minne, polepole, kichwa kinageuka kulia na kushoto. Amembeba mtoto tumboni. Akafika kwenye majivu, akakaa kitako kama mtu, akachambua. Akaacha kipande kikubwa, akaacha kingine, akachukua kimoja cha ukubwa wa kidole. Akakinusa. Akakiuma, nikasikia *kwa*, ile sauti ya kaa kavu likivunjika. Akawa anatafuna, midomo ile ya waridi imekuwa myeusi, na mtoto amenyoosha mkono anagusa kinywa cha mama yake. Akachukua kipande cha pili, akapanda nacho mtini. Nikamkimbilia baba kumwambia punju anakula makaa. Baba akasema, hayo ndiyo mambo ya uchawi wake.

Si uchawi. Nilikuwa mtu mzima nilipopata jibu. Kule mashambani, nje ya msitu mkubwa, punju amejifunza kula majani ya miti tuliyoileta sisi: mwembe na mkungu. Majani hayo yana lishe nzuri. Lakini yana pia dawa kali ndani yake, zile zinazofanya jani likaushe ulimi ukilitafuna. Zikizidi tumboni zinadhuru. Makaa yanazinyonya dawa hizo na kuacha lishe. Struhsaker na wenzake waliandika habari hizi mwaka 1997, wakachukua na makaa yenyewe ya matanuri wakayapima, yakaonekana yanafanya kazi hiyo vizuri sana. Hospitali nayo, mtu akiletwa amekunywa sumu, zipo aina ambazo daktari humpa unga wa makaa anywe kwa sababu hiyo hiyo.

Basi tazameni kisa hiki kilivyokaa. Yule tuliyemwita sumu ndiye aliyekuwa akitafuta dawa ya sumu kwenye majivu yetu. Hili limenikaa moyoni toka siku niliyolijua, na ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa leo.

Na ona lingine ndani yake. Tabia hii ya makaa haiko kwa punju wa msitu wa ndani, iko kwa hawa majirani zetu wa mashambani. Maana yake wamejifunza kwa kuishi nasi. Palipo na tanuri, palipo na kisiki kilichoungua, wao wameona faida. Kwa mwembe wetu na mkungu wetu na makaa yetu, makundi ya mashambani yamesongamana kuliko hata ya msituni.

Nije kwenye makazi yao basi, maana wengi tunadhani punju anaishi "msitu wa Serikali" na kwamba akionekana shambani amevuka mpaka.

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi. Ndiyo hifadhi ya taifa pekee hapa Zanzibar. Ndani yake hakuna msitu wa aina moja. Pale Jozani penyewe ardhi iko chini, maji yanakaa. Masika yakikolea huwa tunapita na maji mpaka magotini. Hapo ndipo penye mitondoo mikubwa, michikichi na mikindu, giza mchana. Ukitoka hapo mita chache, ardhi inainuka na unakuta uwanda: mawe ya matumbawe, vichaka vifupi vigumu, udongo wa kujaza kofia. Ukishuka upande wa bahari unaingia kwenye mikoko.

Punju anatumia yote hayo, pamoja na mashamba. Msitu wa maji, uwanda, mikoko, mwembe wa nyuma ya nyumba. Kwake hakuna mpaka wa Serikali. Kuna jani changa limetoka wapi wiki hii.

Ya mikoko ninayapenda zaidi, mniruhusu nikae hapo kidogo. Watu wa kijiji cha Pete wanawaona kila siku, na watu wa kisiwa cha Uzi zaidi. Kule Uzi na Vundwe, ambako maji yakitoka unavuka kwa miguu na yakijaa umefungiwa, msitu wa juu umekatwa sana, na punju wameufanya msitu wa mikoko kuwa kimbilio. Wanakula majani ya mikoko, majani yenye chumvi. Kima wa jamii hii kwa kawaida hana haja ya kunywa. Maji anayapata kwenye majani anayokula. Lakini punju wa kule wanakunywa, tena mara kwa mara. Wanaingiza mkono au kinywa kwenye tundu la mti lililokusanya maji ya mvua, wanalamba majani yaliyolowa. Mtafiti Katarzyna Nowak aliwafuatilia huko akayaandika hayo. Nami nimemwona mmoja, dume, saa moja asubuhi, amening'inia juu ya maji yanayojaa, analamba umande jani moja moja kwa subira, kama mtu anayesoma barua. Chini yake kaa wanakimbilia mashimo yao. Kundi zima lilikuwa kimya mpaka alipomaliza.

Kundi lao lina watu wangapi? Samahani, nimesema watu, na nitaacha hivyo hivyo. Kundi la kawaida ni 30, 40, 50 huko msituni, majike mengi kuliko madume. Kwenye vipande vidogo vya msitu makundi ni madogo. Wanaishi kwa kugusana. Mkiwakuta wakipumzika mtaona hakuna aliyekaa peke yake. Huyu anamchambua yule manyoya, yule ameweka kichwa kwenye paja la mwenzake, watoto wanaruka juu ya mgongo wa dume na dume limevumilia. Mara nyingi kima wa kawaida nao wamo humo humo, wanatembea pamoja, wengi macho wengi masikio. Akitokea mbwa, au mwewe mkubwa akipita, mmoja anatoa mlio mwembamba mkali ambao mgeni hudhani ni ndege, na wote wamekwisha panda.

Zamani aliyekuwa akiwawinda ni chui wa Unguja. Chui huyo hatunaye tena wa kumhesabia. Leo anayeua punju ni mbwa, ni shoka, na ni gari.

Shoka kwanza, kwa ufupi, kwa sababu mnalijua. Kuni, makaa, konde jipya, kiwanja cha nyumba, kiwanja cha hoteli. Sitamnyooshea kidole mtu, baba yangu mwenyewe amenilea kwa makaa. Wataalamu walitembea Unguja nzima kwa miaka miwili, kichaka kwa kichaka, wakihesabu, na matokeo yakatolewa mwaka 2017. Walikuta punju zaidi ya 5,800. Tulikuwa tukiambiwa ni mara tatu chini ya hapo. Nilifurahi sana siku niliyoisikia, na mngefurahi nyinyi pia. Lakini hesabu ile ile ilionesha kwamba misitu minne waliyokuwamo zamani hawamo tena, kwamba watoto wengi hawafiki ukubwani, na kwamba karibu theluthi moja ya punju wote wako nje ya maeneo yaliyohifadhiwa. Theluthi moja, jamaa zangu. Hao hawalindwi na askari wa msitu. Wako mikononi mwetu sisi tuliokaa hapa.

Na gari. Madereva, nimewaweka mwisho lakini ninyi ndio niliowataka zaidi.

Barabara yetu ya kwenda Makunduchi na pwani ya mashariki inapita katikati ya nchi ya punju. Ilipotiwa lami miaka ya 1990 gari zikaanza kuruka. Punju wakawa wanakufa mmoja kila wiki mbili tatu, pale pale kwenye mlango wa Jozani. Yakawekwa matuta, na vifo vikapungua sana, ingawa havikwisha. Najua matuta mnayachukia. Yanaua springi, yanaua muda, na abiria wanagomba. Lakini tuta lile lilifanya kazi ambayo kibao cha onyo hakikuifanya.

Naomba niwaeleze nililoliona mwenyewe. Asubuhi, nimesimama kando ya barabara nasubiri wageni. Kundi linavuka. Punju hawavuki wote kwa mpigo. Anashuka dume moja, anakaa ukingoni, anatazama, anakimbia. Kisha kimya. Dereva aliyemwona yule wa kwanza anadhani wamekwisha, anakanyaga mafuta. Ndipo wanaposhuka majike na watoto. Gari ilikuwa ya wageni, namba sikuishika na dereva hakusimama. Jike lilipigwa likatupwa kwenye majani. Mtoto alikuwa tumboni kwake na hakuumia. Aling'ang'ania vile vile. Nilipokaribia nikamwona amefunga macho amezika uso kwenye manyoya meupe, na mama ameshapoa. Juu, mtini, kundi zima limekaa. Hawakuondoka asubuhi ile, walikaa wanatazama chini, na jike mmoja akashuka mpaka tawi la mwisho, akapanda, akashuka tena. Mtoto wa punju hatuwezi kumlea sisi. Tumbo lile la vyumba halikubali maziwa ya kopo na chakula cha nyumbani, na ndiyo maana hata huko nje, kwenye mabustani makubwa ya wanyama, kima wekundu hawawezi kufugwa wakaishi. Tulijaribu kumwacha karibu na kundi, tukarudi nyuma. Hatukumwona tena, wala sikuwahi kujua kilichompata.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo na ni la vitendo. Ukiona mmoja amevuka, hesabu kwamba thelathini wanakuja. Simama, zima hata redio, dakika tatu zinatosha. Na mwenye shamba kando ya barabara, usikate yale matawi yanayokutana juu ya lami. Hayo ndiyo daraja lao. Kule Diani, pwani ya Kenya, wamefunga hadi ngazi za kamba juu ya barabara kwa ajili ya mbega, na mbega wanazipita. Sisi bado tuna matawi ya bure.

Kuna suala la fedha, na sitalikwepa kwa sababu limeshaniuma sikioni mara nyingi. Wageni wanalipa kiingilio, na sehemu ya fedha hiyo imepangwa kurudi vijijini na kwa wenye mashamba ambako punju wanalisha. Skuli, visima na zahanati za baadhi ya vijiji vya hapa zimepata kitu kutoka humo. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo inavyotakiwa kuwa. Lakini wapo wanaosema fungu linachelewa, au linaishia kwa wachache. Mimi naona wana haki ya kuuliza, tena waulize kwa sauti, kwenye mkutano kama huu, na wasomewe hesabu. Mtu akiona kwa macho yake kwamba punju aliye kwenye mwembe wake ndiye aliyeezeka darasa la mwanawe, hutamwambia mara ya pili asiukate.

Na nyinyi mnaotembeza wageni, wenzangu: msiwaache wasogee mpaka washike mkia kwa ajili ya picha. Mafua yetu wanayapata. Na punju aliyezoea mkono wa mtu ndiye anayekaa barabarani akisubiri.

Nimemaliza ya kusema, Bwana Sheha. Maswali nitayajibu huku tunatembea, kwa sababu jua limeshashuka na huu ndio wakati wao wa kula mara ya mwisho kabla ya kulala. Tangu nilipoanza kuzungumza nimekuwa nikiutazama ule mkungu nyuma ya darasa la tatu, na matawi yake yanatikisika ilhali hakuna upepo. Watoto watangulie, polepole, bila kelele. Mwenye simu aitie kimya. Akitokea aliye na kipande cha kaa mdomoni, atakayemwona kwanza asipige kelele, aniguse bega tu.